Mahindi ya kuoka yenye krimu

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na pale uliposema mahindi yako ya kuoka yalikauka juu huku maji yamesimama chini ya chombo, nilikuonea huruma kweli. Mimi pia yaliwahi kunitenda hivyo, tena mbele ya wageni. Usikate tamaa, na wala usiongeze krimu. Tatizo liko kwingine.

Umesema ulitumia mahindi yaliyogandishwa. Hayo yana maji mengi, kwa hiyo yaache yayeyuke kabisa, yachuje, kisha yafute kwa kitambaa safi. Lakini safari hii nakuomba utafute mahindi matamu mabichi, 5 au 6 hivi, upate vikombe 4 vya punje. Lisimamishe hindi kwenye sinia pana, ushushe kisu taratibu bila kuingia ndani sana, maana ukigusa gunzi utapata makapi yanayonasa kwenye meno.

Gunzi usilitupe bado! Geuza kisu, tumia mgongo wake, ulikwangue kwa nguvu kutoka juu hadi chini. Yatatoka maji mazito meupe, pamoja na mabaki laini ya punje yaliyokuwa yamejificha. Haya ndiyo maziwa ya mahindi, na kwangu mimi ndiyo siri ya chakula hiki. Yana wanga, na wanga ukipata moto huvimba na kuyashika maji, basi rojo linakuwa zito na laini lenyewe, na ladha yake ni ya mahindi hasa. Gunzi moja linatoa kidogo tu, lakini ukikwangua yote utaona tofauti.

Kikombe 1 cha punje kisage kwenye blenda. Zilizobaki zikaange kwa siagi gramu 60 na kitunguu kilichokatwa vidogovidogo, dakika 5 au zaidi kidogo, mpaka usikie mlio unabadilika: mwanzoni punje zinachemka kwa sababu ya maji, halafu zinaanza kukaangika. Hapo epua, zipoe. Ukiziweka za moto kwenye mayai yataiva vipandevipande kabla hata ya kufika kwenye oveni.

Mengine ni mepesi. Piga mayai 3, utie krimu kikombe 1, maziwa nusu kikombe, unga laini wa mahindi vijiko 4 vya chakula, beking pauda kijiko 1 cha chai na chumvi kiasi hichohicho. Changanya na mahindi yote pamoja na yale maziwa yake. Jibini ukipenda, nyunyiza juu. Sukari mimi situmii mahindi yakiwa ya siku hiyohiyo. Yakikaa siku kadhaa tangu kuvunwa, sukari yake inageuka wanga, hapo kijiko kimoja si kibaya.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 180. Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu nadhani ndipo ulipoharibikiwa. Mayai yakizidi moto yanakaza, na yakikaza yanakamua maji yaliyokuwa yameyashika. Ndiyo maana chakula kile kile kikawa kikavu na chenye maji kwa wakati mmoja. Anza kukiangalia dakika ya 35. Tikisa chombo kidogo: pembeni pawe pameshika na kupata rangi ya dhahabu, katikati patetemeke kama jeli. Pakicheza kama maji, rudisha dakika 5, uangalie tena. Pakiwa pagumu kabisa, umechelewa.

Ukikitoa utaona kama hakijaiva na utatamani kukirudisha. Jizuie. Joto lililomo ndani linaendelea kukiivisha, na baada ya dakika 15 mezani kitakuwa kimeshika vya kutosha kuchotwa kwa kijiko kikubwa, pembeni ya kuku au nyama ya kuchoma.

Magunzi nayo yachemshe kwa maji na chumvi kidogo. Supu yake ni tamu sana kwa kupikia mboga kesho yake.

Ukishaoka niandikie uniambie katikati palitetemeka vipi, na ulikitoa dakika ya ngapi. Oveni yako siijui, ningependa tuielewe pamoja.

Akupendaye,
Rafiki yako