Ruta kuukuu si takataka, mafundi wa intaneti watwambie ukweli

MHARIRI,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Buruburu. Karakana yangu ni kibanda cha mabati nyuma ya jikoni, na kati yake na sebule kuna kuta mbili za mawe ya Ndarugo. Sebuleni waifai ni tele, lakini ukifika kwenye cherehani simu inazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila nilipotaka kuitolea ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi (KRA), shule ninayoishonea sare, ilibidi niache kazi, nisimame kwenye mlango wa jikoni na simu juu, vifungo vikinidondoka mfukoni.

Niliita kampuni inayotuuzia intaneti. Fundi wao akatazama mabati, akasema, "Mama, hapa ni laini ya pili tu." Laini ya pili ni ada nyingine kila mwezi. Nikamtolea ruta kuukuu iliyobaki tulipohama kampuni ya awali. Alicheka, akaniambia niwauzie watu wa vyuma.

Mwana wa kaka yangu ndiye aliyenifumbua macho: "Shangazi, hii haijafa. Tuifanye daraja." Yaani ruta ya pili haihitaji laini yake. Inashika mawimbi ya ile ya sebuleni, kisha inayapitisha kwa waya hadi kwenye kompyuta, au inayarusha upya.

Alinielekeza kwa simu, nami nikafanya kwa mikono yangu. Kitundu cha nyuma, cha kufuta mipangilio ya zamani, nilikidunga kwa pini ya kushonea nikahesabu hadi kumi, taa zikazimika na kuwaka upya. Nikaunganisha laptopu kwa waya, nikaandika kwenye kivinjari 192.168.1.1, namba ya kufungulia kurasa za mipangilio ya ruta. Saa nzima nilipotea! Laptopu ilikuwa bado imeshika waifai ya sebuleni, na ruta zote mbili zina namba hiyo hiyo, kwa hiyo nilikuwa nafungua ruta kubwa nikidhani ni ndogo. Nilipozima waifai ya laptopu mambo yakanyooka. Ndogo nikaipa 192.168.1.2, ukurasa ukatoweka, nikadhani nimeiua. Kumbe inaitwa kwa namba mpya. Kisha nikawasha sehemu iliyoandikwa WDS, ndiyo inayounganisha ruta mbili bila waya, nikachagua jina la waifai yetu, nikaweka nywila yake na chaneli ile ile ya ruta kubwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa DHCP, kazi ya kugawia vifaa anwani. Sikuizima kwenye ndogo. Ikawa kama matatu yenye makanga wawili, kila mmoja anakata tiketi zake. Jumapili jioni nyumba nzima ilikosa intaneti, na baba watoto akataka kujua nani amegusa nini. Niliizima, kelele zikaisha.

Wenzangu wanaotaka kujaribu wasiiweke ruta ya pili pale ambapo mawimbi yamekwisha, maana itapitisha huo huo ukosefu. Yangu iko kwenye dirisha la jikoni, katikati ya safari, na waya unaingia karakanani kupitia tundu la mabati. Tumeiacha kwenye masafa ya 2.4 GHz kwa sababu yanapenya mawe kuliko yale ya 5 GHz. Simu inayotumia waifai ya ruta ndogo hupata karibu nusu ya kasi, kwa kuwa redio moja inapokea na kurusha kwa zamu. Kompyuta ya waya haina shida hiyo, na ankara zinatoka nikiwa nimeketi.

Lawama yangu si kwamba fundi hakujua. Nadhani alijua, ila hakuniambia. Na si ruta zote zinazokubali: jirani yangu alijaribu na yake, akakuta kurasa hizo zimefungwa na nywila anayo kampuni, ilhali mkataba wake umekwisha na kifaa kimebaki kwake. Kwa nini asipewe nywila? Mamlaka ya Mawasiliano ingeziuliza kampuni swali hilo.

Nawe Mhariri, kijitabu cha ruta yangu kina Kichina na Kiingereza tu. Ukurasa wenu wa teknolojia ungetuchapia hatua hizi kwa Kiswahili, pamoja na picha ya mahali DHCP inapozimwa, ningeukata nikaubandika juu ya cherehani.

FUNDI WA SARE,
Buruburu, Nairobi