Jumapili jioni hatukodishi uwanja, sababu ni hii

Makapteni wa timu mnatusumbua sana kwa WhatsApp na tunawaelewa. Jumapili kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili uwanja wa kituo chetu cha jamii hapa Migosi, Kisumu, uko tu hapo, hauna mechi, unaona watoto wanacheza kati na mama mmoja amejinyoosha kwa mkeka, halafu ukiuliza bei unaambiwa haukodishwi. Mmoja wenu akauliza, "kwani hamtaki pesa?" Tunataka sana, stima haijilipi. Lakini hayo masaa ni ya familia, na wacha tueleze vizuri juu hata wazazi wengi bado wanadhani hapa ni mahali pa kuleta watoto tu.

Vile ilikuwa kitambo, baba anashusha watoto kwa geti, anarudi kwa gari, anakaa na simu mpaka wamalize. Mama amebaki nyumbani Kondele anafua yunifomu. Dani, yaani nyanya yao, hata hajui watoto wameenda wapi. Watoto walicheza sawa, lakini kituo cha jamii ambacho jamii yenyewe imebaki parking, hiyo ni kreshi.

Wazee ndio walitushangaza. Tuliweka ubao wa ajua, ule mchezo wa mbegu na mashimo, chini ya mwembe tukidhani utakuwa pambo, saa hii usipofika mapema hupati kiti. Angalia tu mzee akicheza na mtoto wa gredi ya nne. Mzee anachota mbegu zote za shimo moja, anazidondosha moja moja bila hata kuziangalia, macho yako kwa lile shimo la mbele anataka ziishie, na mtoto anahesabu na kidole midomo ikitembea, akikosea anaambiwa "rudia". Hiyo ni hesabu na hakuna mtu ameitisha pesa ya tuisheni. Na mzee mwenyewe ametoka kwa nyumba, ametembea kutoka stegi, amepiga stori na watu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa miaka 65 kwenda juu afanye mazoezi ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki ndio asiwe wa kuanguka anguka, kwa hivyo kabla ya ajua tunaanza na kusimama kwa mguu mmoja ukishika kiti, kuketi na kuinuka, kuketi na kuinuka. Wanachekana sana lakini wanafanya.

Mtu wa ofisi na mtu wa boda wote wanashinda wameketi, hao ndio tunawasukuma kwa voliboli. Shirika hilohilo linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya nguvu ya wastani kwa wiki, na seti kadhaa za Jumapili zinapunguza hilo deni. Lakini mama ambaye amesimama soko la Kibuye akiuza nguo wiki nzima usimwambie mambo ya aerobiki, tafadhali. Yeye anataka kuketi, anywe chai ikiwa bado moto, na mtu asimwite kuuliza soksi iko wapi. Kwetu hiyo ni huduma kama zingine.

Kazi ngumu ni hawa wa junior school na sekondari. Mtoto akishafika miaka kumi na tatu hivi hataki kuonekana akitembea na mamake, na ukimlazimisha atakaa kwa kona na earphone mpaka jioni. Dawa tuliyopata ni kuwapa kazi ya ukweli: wao ndio marefa wa voliboli, wao ndio wanashika spika. Ukimpa kijana filimbi ampulizie babake faulo mbele ya watu, wiki ijayo atakuja bila kuitwa, na atamleta beshte yake. Muziki wao wakati mwingine unapigia wazee kelele, hapo tunaomba tu wapunguze.

Watoto wadogo hawahitaji maelezo, wape blada, ile kamba ya mpira ya kuruka, na nafasi, ile saa moja ya mazoezi wanayoshauriwa kila siku wanaimaliza kabla hujafungua soda.

Swimming pool hatuna, msitafute. Na msiwapeleke ziwani kuogelea kama mbadala, kichocho kiko huko na viboko pia.

Tiketi ni Sh300 kwa familia nzima hata mkiwa kumi, wa miaka 60 kwenda juu hawalipi. Beba mkeka wako, chakula cha nyumbani kinaruhusiwa. Mvua ya jioni mnaijua vile ilivyo Kisumu, ikianza tunahamia ndani ya holi na ajua inaendelea. Timu zichukue Jumamosi mchana kutwa ama Jumapili asubuhi, hizo bado ziko wazi na bei haijapanda.