Aliyechora Soko la Kariakoo alikuwa Beda Amuli

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Juzi nilipanda mwendokasi Magomeni Mapipa kwenda Gerezani. Tulipofika karibu na Msimbazi, kijana mmoja akawa anamweleza mwenzake kuwa Soko Kuu la Kariakoo walijenga Wachina, kama reli ya TAZARA. Nilivumilia kituo kimoja, halafu nikashindwa. Nikamwambia, mwanangu, lile soko lilichorwa na Mtanzania, anaitwa Beda Amuli. Akanitazama kwa huruma, kama bibi aliyechanganya mambo.

Sikuchanganya. Niliingia pale sokoni 1981, enzi za kupanga foleni ya sabuni, nikauza ndimu na tangawizi kwa miaka ishirini na sita. Mzigo tulikuwa tunauchukua kwa jumla shimoni, yaani sakafu ya chini ya ardhi, tunaupandisha juu kwenye vizimba, tunapanga mafungu. Kizimba changu kilikuwa ubavuni mwa nguzo, na nilikipigania, maana pale palikuwa na ubaridi hata Januari. Sababu yake sikuijua.

Aliyenijulisha ni mwanafunzi. Siku hiyo walikuja vijana wa chuo na makaratasi yao, wakawa wanachora paa letu huku makuli wanawapigia kelele wapishe mzigo. Mmoja akaniomba akae kwenye kreti yangu. Nikamuuliza kuna nini cha kuchora pale zaidi ya zege. Akanionyesha kwa penseli: "Mama, tazama juu. Ni miavuli iliyogeuzwa na upepo. Mvua inaingia katikati, inashuka ndani ya nguzo hii uliyoiegemea, inakwenda chini." Akanitajia aliyelichora, Beda Amuli, akaniambia pia kwamba zile nafasi kati ya mwavuli na mwavuli zimeachwa makusudi, joto letu litoke na mwanga uingie. Basi masika yalipofika nikaweka sikio kwenye nguzo. Kweli bwana, maji yalikuwa yanateremka mle ndani, na ndimu zangu kavu kabisa.

Tangu hapo kila niliyemwona anajua mambo ya majengo nilimuuliza habari za Amuli. Nilichokusanya ni kwamba alizaliwa 1938, akasomea usanifu majengo Haifa, Israel, katika chuo cha Technion, wakati ambao Mwafrika wa Afrika Mashariki mwenye kazi hiyo alikuwa wa kutafuta kwa tochi. Aliporudi akafanya kazi na Waisraeli, kisha 1969 akafungua ofisi yake. Umri wake ulikuwa thelathini na kitu alipokabidhiwa Kariakoo, mahali ambapo Mjerumani alikuwa ameacha banda na Mwingereza akaacha jina la wapagazi wake wa vita, Carrier Corps, ndiyo ikawa Kariakoo. Mwalimu Nyerere alilifungua soko jipya 1975. Amuli alifariki 2016.

Mimi sikuwahi kumwona. Labda alishawahi kununua kwangu fungu la ndimu akaomba na nyongeza, nani ajuaye.

Wapo wanaosema shimoni palikuwa pananuka. Palinuka, sikatai, lakini vitunguu vilivyooza tuliviacha sisi wenyewe, havikuwa kwenye ramani ya mtu.

Soko lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 nilikuwa nimeshaacha biashara, lakini asubuhi ya Jumapili nilikwenda. Tulisimama mbali, wengine wanalia mitaji yao, na haki yao. Mama mmoja niliyewahi kupakana naye kizimba alinishika mkono hakusema kitu. Mimi macho yangu yalikwenda juu. Moshi ulikuwa umeipaka weusi, lakini miavuli ilikuwa imesimama. Nikajikuta namfikiria yule mzee, miaka mitano kaburini.

Sasa soko limekarabatiwa, na shukrani tunatoa. Ninalosikitikia ni kwamba katika miaka yangu yote pale sikukutana na jina lake hata kwenye karatasi ya ushuru. Tunajua nani alikata utepe. Aliyekesha na rula na penseli tunamsikia kwa mwanafunzi wa kupita. Ndiyo maana yule kijana wa mwendokasi simlaumu sana. Kabla hajashuka Gerezani alitoa simu akaniuliza, "Bibi, Amuli anaandikwaje?" Nikamtajia herufi moja moja.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Jina la Beda Amuli liandikwe ukutani, upande wa kuingilia wanunuzi, usawa wa macho, si kule juu wanakopita njiwa. Na herufi ziwe kubwa, maana wengi wetu sokoni hatuendi na miwani.

Muuza ndimu mstaafu,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam