Barua ya wazi kwa mkuu wa viza za ujuzi Australia: nijibu, hata kama ni hapana

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Tanga. Natumaini wewe na familia yako hamjambo. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, nina mume na mtoto mmoja, naishi Makorora, na ombi letu la viza ya ujuzi, ile ya 189 ya kuhamia Australia moja kwa moja bila kudhaminiwa na mwajiri, liko ofisini kwako tangu 2024. Namba ya ombi siiweki hapa kwa sababu hii barua itasomwa na watu wengi, ila ofisi yako inayo, kila imeili niliyotuma hiyo namba iko juu kabisa.

Nimeamua kuandika hadharani na kwa Kiswahili. Zile za Kiingereza nimeandika mpaka nimechoka na zote zilijibiwa na mashine, maneno ni yaleyale, asante kwa kuwasiliana nasi, ombi lako linashughulikiwa, tafadhali usiulize mpaka muda wa kawaida upite. Serikali yenu ina huduma yake ya wakalimani, TIS National, na Kiswahili kimo, kwa hiyo kunielewa hakutakuwa shida. Halafu nataka na watu wa huku wasome, maana kuna vijana hapa mjini wanaonifuata kuniuliza kama wauze kiwanja waanze safari ya viza au wasiuze, na mimi sina la kuwajibu.

Kilichonisukuma ni imeili ya wiki iliyopita. Nilivyoiona tu imetoka kwenu nikajua ndo jibu lenyewe, nikamwita mume wangu aje tufungue wote. Kumbe inasema vipimo vyetu vya afya vimeisha muda wake, familia nzima tupime upya, na vyeti vya polisi navyo vimepitisha miezi 12, tulete vingine, na tumewekewa tarehe ya mwisho, tukichelewa ombi linaweza kuamuliwa bila hivyo vitu. Mheshimiwa, vile vipimo havikuishia muda mikononi mwangu. Nilivileta vikiwa vipya kabisa, ndani ya muda mliotaka. Vimeisha muda vikiwa kwenu, hakuna aliyevifungua.

Naomba uelewe "pima upya" ni kitu gani kwa mtu wa Tanga. Hatupimi hospitali yoyote, lazima kwa daktari mliyemwidhinisha nyie, na wa karibu yuko Dar. Kwa hiyo ni kupanda basi Kange, Segera, Chalinze mpaka Dar, watu watatu nauli, pa kulala, mtoto anakosa shule, mimi na mume wangu tunaomba ruhusa kazini kwa mabosi ambao walishatupa ruhusa kama hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Sisi wakubwa tunapigwa eksirei ya kifua, tunapimwa damu ya HIV, tunatoa mkojo. Mtoto anatolewa damu ya kipimo cha TB. Safari ile alilia sana mpaka nesi akanisaidia kumshika, na nilimwahidi mwanangu kwamba hii ndo mara ya mwisho. Nilimwahidi kwa kuwa niliwaamini nyie. Na kote huko tunalipa wenyewe, hakuna punguzo la kwamba hawa tuliwachelewesha sisi.

Na hela, Mheshimiwa, nani asiyejua hela ilivyo. Ada ya mwombaji mkuu wakati ule ilikuwa dola 4,765 za Australia, mwenza karibu nusu yake, mtoto karibu robo. Ukibadilisha kwa shilingi, familia yangu tulilipa karibu milioni 15 kwa mkupuo, na hiyo ni ada peke yake. Kabla ya hapo kulikuwa na mtihani wa Kiingereza, kulikuwa na tathmini ya ujuzi ya Engineers Australia, chama cha wahandisi wa huko, ambayo unaandika taarifa ndefu ya miradi 3 uliyoifanya mwenyewe, hesabu na michoro ya kwako, nimeandika usiku baada ya kutoka saiti. Wao walisoma, wakauliza maswali, wakanijibu. Kiwanja chetu cha Pongwe tukakiuza, kilichopungua tukakopa kwenye kikundi. Kiwanja kile tulinunua wakati hakuna hata umeme kule, sasa hivi aliyetununulia ameshapandisha nyumba, na mkopo bado tunaulipa.

Najua ada hairudishwi, niliisoma hiyo sehemu nikasaini. Silalamiki kwamba nimelipa. Nalalamika kwamba nimelipia uamuzi na uamuzi sijaupata.

Kazi yangu ni barabara na makalvati. Kwenye kazi zetu mkataba una tarehe, na mkandarasi akipitisha tarehe bila sababu anakatwa hela kwa kila siku anayochelewa, na akiwa na sababu anaiandika, inajadiliwa, anaongezewa muda unaojulikana. Haijawahi kutokea mkandarasi akakaa kimya halafu mwenye mradi ndo akaambiwa alipie tena vipimo vya udongo. Kwenu saa inakimbia upande mmoja tu. Cheti changu cha polisi kina mwisho, vipimo vina mwisho, matokeo yangu ya Kiingereza yana miaka 3 tu, na mimi mwenyewe nina mwisho, nikifika miaka 45 siruhusiwi hata kualikwa kuomba, maana viza hii huombi mpaka mkualike. Ofisi yako ndo haina mwisho.

Hapo kwenye umri naomba nikae kidogo maana ndo panaponinyima usingizi. Nilipoalikwa kuomba nilikuwa na miaka 39, na kwa mfumo wenu wa kuchuja waombaji kwa alama mtu wa miaka 33 hadi 39 anapewa alama 25 za umri. Sasa hivi nimeshaingia 40, na kuanzia 40 hadi 44 alama ni 15. Yaani mkija kunikatalia leo, nikitaka kuanza upya naanza nikiwa nimepoteza alama 10, na kila anayefuatilia haya mambo anajua kwamba zile alama 65 za chini kabisa kwa wengi hazitoshi kupata mwaliko. Kama mngenikatalia mapema ningeomba tena nikiwa bado na umri, au ningepeleka nguvu zangu nchi nyingine. Kunichelewesha hivi ni kama kunikatalia, tofauti yake ni kwamba aliyekataliwa anajua aelekee wapi.

Nimejaribu kuelewa kinachokwamisha. Nimelisoma agizo lenu la kupanga foleni, namba 105, lile lililoanza Desemba 2023, linasema wanaokwenda kufanya kazi nje ya miji mikubwa watangulie, kisha watu wa afya na walimu, sisi wengine huko nyuma. Sina ugomvi na nesi wala mwalimu, watangulie, wanahitajika. Lakini kama mnajua kwamba viza ya aina yangu inakaa mkiani, semeni kabla hatujalipa. Mnatualika wenyewe, mnasema fani yako tunaihitaji, tuna siku 60 tu za kuleta kila kitu la sivyo mwaliko unakufa, tunakimbia, tunauza, tunakopa, tunawahi, halafu tukishafika ndani ya geti ndo tunaambiwa kuna foleni nyingine.

Mimi nahisi pia kuna suala la sisi Waafrika. Sina ushahidi, nasema ninachohisi. Hapa Tanzania hamna hata ubalozi, mambo yetu yanasimamiwa kutoka Nairobi, na ule uchunguzi wa usalama unaofanywa na vyombo vingine hatuambiwi umefika wapi wala nani anao. Labda faili langu limekaa huko. Kama limekaa huko niambieni basi limekaa huko. Kwenye akaunti yangu ya mtandaoni neno ni lilelile miezi nenda miezi rudi, na ile kurasa yenu ya muda wa kusubiri, inayoonesha asilimia 50 ya maombi yamechukua muda gani na asilimia 90 muda gani, kila nikifungua naona namba zimesogea mbele. Mtu anasubiri akikaribia mstari, mstari unahama.

Mheshimiwa, nikukumbusheni na ahadi. Mwaka 2022 serikali yenu mpya ilipoingia ilisema imekuta maombi ya viza karibu milioni moja yamerundikana, na Septemba ya mwaka huo kwenye mkutano wa ajira pale Canberra mkatangaza nafasi za viza za kudumu kwa mwaka zinapanda kutoka 160,000 hadi 195,000, na dola milioni 36.1 zinatengwa mpate wafanyakazi 500 wa kushughulikia viza. Dunia nzima ilisikia. Hata mimi nilisikia huku Tanga, na ile habari ndo iliyonifanya nianze kutafuta vyeti vyangu. Rundo mlilipunguza, nakubali, lakini mwaka 2024/25 nafasi zikawa zimeshushwa hadi 185,000 na sisi mliotuita kwa ile sauti ya 2022 tuko hapahapa. Hao watu 500, hata mmoja hawezi kufungua faili langu?

Na kuna jambo linanitia hofu. Mwaka 2010 waziri wa uhamiaji wa wakati ule, Chris Evans, alitangaza kwamba maombi yapatayo 20,000 ya watu waliokuwa nje ya Australia, yaliyopelekwa kabla ya Septemba 2007, yanafutwa na watu warudishiwe ada. Watu walisubiri miaka, vigezo vikabadilishwa wakiwa kwenye foleni, mwisho hawakukubaliwa wala hawakukataliwa, ikawa kama hawakuwahi kuomba. Sheria yenu inaruhusu, najua. Kwa hiyo msituambie tusiwe na wasiwasi.

Huku maisha yamesimama. Mama yangu mkwe anataka mjukuu wa pili na mimi namtaka zaidi yake, lakini eksirei ya kifua mjamzito anashauriwa asipigwe mpaka ajifungue, na mtoto akizaliwa katikati inabidi naye aongezwe kwenye ombi, maana yake kuchelewa juu ya kuchelewa. Basi tumesema tusubiri viza kwanza. Tumesubiri, na nimeshakwambia nina miaka 40. Hilo nalo ningependa mtu ofisini kwako alifikirie siku moja, kwamba hapo kwenye ile asilimia 90 kuna mtoto ambaye hajazaliwa.

Kazini nilipewa nafasi ya kusimamia mradi wa miaka miwili upande wa Pangani, nikawaambia ukweli kwamba nasubiri viza na naweza kuondoka wakati wowote, wakampa mwingine, na wako sahihi, mradi hauwezi kusubiri. Sasa nafanya kwa mkataba wa miezi miezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka, sisi tunamlipa miezi mitatu mitatu kwa kubembeleza. Shule ya mtoto wanataka tuthibitishe nafasi ya Januari na tulipe. Kila kitu cha maisha yetu kinauliza swali moja, mpo au mnaondoka, na mwenye jibu ni wewe.

Na watu nao. Mji wetu huu unasifika kwa "waja leo waondoka leo", sasa mimi kila nikipita naulizwa, mama nanihii, bado upo? Si ulisema Australia? Wengine wanauliza kwa upendo, wengine washaanza kusema tulitapeliwa na ajenti, hakuna ajenti yeyote, tulijaza wenyewe usiku kwa bando la simu. Mume wangu siku hizi akiulizwa ananyamaza. Ni mtu mcheshi sana, ukimya huo si wake.

Mheshimiwa, siombi upendeleo. Siombi nirushwe mbele ya mtu. Sijasema hata kwamba lazima mnipe viza, mna vigezo vyenu na mna haki ya kuamua nani aingie kwenu. Vipimo tutakwenda kupima tena, tumeshakopa nauli, mtoto tutamwambia, na vyeti vya polisi tutavileta ndani ya tarehe mliyotoa kama tulivyoleta kila kitu ndani ya tarehe. Ninachoomba ni kwamba safari hii kuwe na mtu upande wa pili. Afisa mwenye macho alifungue hili ombi, alisome, aamue, anijibu. Kama kuna kinachokosekana aseme kinachokosekana. Kama liko kwenye usalama aseme liko usalama na tarehe ya kuulizia tena. Kama mmeshaona hamnihitaji, andikeni hapana, mstari mmoja unatosha, nitalia siku mbili halafu nitakwenda kutafuta mradi wa miaka miwili na kulipa ada ya shule na kuzaa.

Ndiyo au hapana, Mheshimiwa. Nijibu tu, kabla ya Januari.

Wako kwa heshima,

Mhandisi, Makorora, Tanga