Dawa za wagonjwa wa akili zifike zahanati za Nakuru

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyependekeza hivi karibuni kwamba watu wanaozurura mjini Nakuru wakiwa wagonjwa wa akili wakusanywe na kufungiwa mahali pamoja, ili wachuuzi wa karibu na steji ya matatu na wapita njia wapate amani. Hofu yake naielewa, kwa kuwa mtu anayefoka peke yake barabarani au kurusha mawe huogofya. Hata hivyo, baadhi ya watu hao nawajua kwao, Njoro na Molo, na ninajua kwamba waliwahi kutibiwa, wakapata nafuu, wakarudi shambani au kazini, kisha dawa zikakatika. Hapo zinapokatika ndipo pa kushughulikia, na hapo hapajatajwa.

Nasema haya nikiwa mlezi. Mdogo wangu alipatwa na skizofrenia akiwa chuoni, umri ambao ugonjwa huu hupenda kuanza kujitokeza. Kwanza alikosa usingizi, kisha akawa anafunga madirisha mchana na kukataa chakula kilichopikwa na mama, akiamini kina sumu. Alisikia sauti za watu wakimjadili, na kwake sauti hizo zilikuwa za kweli kama hii ya kwangu ninapozungumza naye. Jambo hili watu wengi hawalifahamu: mara nyingi mgonjwa wa namna hii hajioni kuwa mgonjwa, kwa sababu kiungo ambacho kingemwambia kwamba anaugua ndicho kilichougua. Kumwambia ajikaze au aache ujinga hakumsaidii hata kidogo.

Jamaa wengine walitaka apelekwe kwa mganga, wengine kwenye maombi ya mkesha. Mimi ni muumini na sioni ubaya wa maombi, mradi yasichukue nafasi ya hospitali wala mgonjwa asifungwe kamba wala kunyimwa chakula kwa jina la kutoa pepo. Hospitalini walianza kwa kumpima malaria, sukari, kaswende na virusi vya Ukimwi, wakauliza kuhusu bangi na pombe, kwa kuwa yote hayo yanaweza kumvuruga mtu akili na kila moja lina tiba yake. Baada ya hapo ndipo walipomwanzishia haloperidoli, dawa inayopunguza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Dawa za jamii hii zimetumika tangu 1952, klopromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris, na ndizo zilizowawezesha wagonjwa wengi duniani kutoka hospitalini na kuishi kwao.

Siku ya tatu ya dawa shingo yake ilipinda upande mmoja, macho yakageuka juu, ulimi ukawa mzito. Nyumba nzima ilipiga mayowe, na shangazi yetu akasema kwamba sasa pepo wamekasirika. Tulimkimbiza kituo cha afya, muuguzi akamtazama mara moja, akauliza anatumia dawa gani, akamchoma sindano ya kutuliza misuli, na muda si mrefu shingo ikarejea mahali pake. Kisha akatueleza kwa upole kwamba hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa ile, hasa kwa vijana wa kiume katika siku za mwanzo, na kwamba kuna kidonge cha benzeksoli cha kuyazuia. Maelezo yale ya dakika chache ndiyo yaliyomwezesha kijana yule kuendelea na matibabu. Nina hakika wako wengi walioacha dawa siku kama ile kwa kukosa mtu wa kuwaeleza.

Wengine huacha kwa sababu wamepona, au hivyo ndivyo wanavyojihisi. Sauti zimenyamaza, usingizi umerudi, mwili umeanza kunenepa kwa ajili ya dawa, na mtu anajiuliza kwa nini ameze vidonge kila siku ilhali hana tatizo. Ugonjwa kama huu hutulizwa, na mwenye kisukari atanielewa ninaposema kwamba nafuu huletwa na dawa na hudumu kwa dawa. Wengi wanaoziacha ghafla hurudiwa, na kila wanaporudiwa kupona huweza kuwa kugumu zaidi. Kwa wanaosahau au kuchoka na vidonge ipo sindano ya flufenazini, inayochomwa kwenye msuli na dawa yake kutoka polepole kwa muda wa wiki mbili hadi nne hivi. Kwa mgonjwa anayeijua tayari, sindano hiyo haihitaji daktari bingwa, kwani muuguzi wa zahanati anaweza kuichoma asubuhi na mgonjwa akarudi kupalilia mahindi.

Lakini zahanati haina sindano hiyo. Hospitali moja tuliyokuwa tukiitegemea ilifika mahali pa kutuambia, mara kwa mara, kwamba dawa hakuna na tukanunue nje. Duka la dawa mtaani lilikuwa na aina moja tu, tena ya bei ya juu, na mama anayeuza sukuma wiki hawezi kulipa bei hiyo pamoja na nauli ya kwenda na kurudi mjini kila mwezi. Mgonjwa akikosa dawa hubadilika polepole mbele ya macho ya watu wake, na siku atakapotoka nyumbani bila viatu akielekea barabarani, jirani watasema kichaa kimempanda.

Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zinapatikana leo hata katika zahanati za mashambani kabisa. Mtu aliyetulia hupewa za miezi kadhaa kwa pamoja, na asipofika siku yake hupigiwa simu au kutembelewa na mhudumu wa afya ya jamii. Mpango huo tunao, watu wake tunao, na vijiji wanavijua. Naomba mgonjwa wa skizofrenia au wa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, afuatiliwe vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake mwaka 2008 wa kuwafunza wauguzi na matabibu wasio mabingwa kutibu magonjwa ya akili yaliyo ya kawaida, na Kenya haina mabingwa wa kutosha kiasi cha kuwangoja.

Wauguzi hao wangewafaa pia watu ambao hawazururi popote na ambao hakuna anayewaona. Kaunti hii imepitia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, bwawa la Solai lililopasuka Mei 2018 na mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024, na wapo waliobaki na jinamizi, mishtuko na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Matibabu yao mara nyingi huanza kwa mazungumzo ya mpangilio na mshauri aliyefunzwa, na dawa zikihitajika huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya kuonyesha nguvu, muda ambao mtu huhitaji kutiwa moyo asikate tamaa. Aliyefikia kutaka kujiua naye sasa anaweza kwenda hospitalini bila kuogopa pingu, kwa kuwa Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Kuhusu kuwakusanya watu, serikali ya kikoloni ilifanya hivyo ilipofungua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1910, na hadi leo jina hilo hutumiwa kutishia na kutukana, jambo linalozifanya familia zifiche wagonjwa hadi hali iharibike. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 imechukua mkondo mwingine: inazitaka serikali za kaunti kutoa huduma hizi katika vituo vyao vya afya na kuzitengea fedha.

Naiomba basi Idara ya Afya ya Kaunti itangaze ni zahanati zipi zitakazowekewa flufenazini, haloperidoli, benzeksoli na dawa za sonona, na lini. Nawaomba wawakilishi wadi waulize swali hilo katika bunge la kaunti kabla ya kupitisha bajeti, na sisi wananchi tulirudie katika vikao vya maoni. Kuresoi na Subukia zifikiriwe mapema, kwa kuwa wagonjwa wa huko wako mbali na mji na nauli yao ni kubwa kuliko yetu.

Mlezi wa mgonjwa,
Njoro, Kaunti ya Nakuru