Mhariri, chapeni na ratiba ya vikundi vya kuacha pombe

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mama wa watoto wawili, naishi hapa Dar. Jina langu unalo ila naomba usilichape.

Nina miezi 14 sijagusa pombe. Sikuacha peke yangu, nimeachia kwenye kikundi, na kinachoniuma mpaka nikaandika ni kwamba kile kikundi kilikua dakika 10 kwa mguu toka kwangu na mimi nilikitafuta karibu mwaka mzima, na mwaka wote huo nilikua nakunywa.

Mi sikua mtu wa baa. Mwanamke ukikaa baa mtaa mzima unajua, kwahiyo nilikua namtuma bodaboda, namimina kwenye chupa ya chai, nakunywa jikoni watoto wakishalala. Tarehe 1 Machi 2017 viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku watu walishangilia na mi naamini vilikua vinamaliza vijana, lakini mimi wiki hiyohiyo nilihamia kwenye chupa ndogo. Ikafika mahali asubuhi siwezi kumfunga mtoto vifungo vya shati mpaka nizimue kwanza.

Nikajaribu kuacha ghafla mwenyewe. Siku ya pili natetemeka, jasho linanitoka, naona wadudu ukutani, dada yangu akanikimbiza hospitali na hapo ndo nikaambiwa mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikata ghafla bila daktari anaweza kupata degedege, hata kufa. Wangapi mtaani wanalijua hili? Walinitibu vizuri tu, dawa nikapewa, ila siku ya kutoka nikauliza jamani nikitoka hapa naenda wapi, nesi akasema mama mzima wewe, muombe Mungu uache. Namuomba kila siku, lakini nilihitaji pia mtu wa kunionyesha njia.

Nikauliza duka la dawa, nikauliza kanisani, wote wananitajia soba house, na soba house unahamia ukae miezi, watoto ningemwachia nani? Mwisho ni msusi wangu aliyeninong'oneza kwamba kuna sehemu mdogo wake anaenda kila jumamosi.

Siku ya kwanza nililipita geti mara mbili nikarudi. Ya tatu nikaingia. Ni chumba cha shule ya jumapili, viti vifupi vya watoto, watu kama tisa na chai ya rangi. Nilijua ntajazishwa fomu ntaulizwa kadi ya bima, wala. Hakuna ada, hakuna kujiandikisha, kinapita kikapu mwenye nacho anatia asiye nacho basi, na hela ya mtu wa nje hawapokei. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Kumbe ndo Alcoholics Anonymous, wenyewe wanaita AA, kilianza 1935 kule Akron, Marekani, na watu wawili, mmoja wa mambo ya hisa mmoja daktari wa upasuaji, wote pombe imewashinda, wakagundua mlevi anamsikiliza mlevi mwenzie kuliko anavyomsikiliza mtu yeyote. Na ni kweli mhariri, dada yangu kaniambia miaka yote na sikusikia, ila yule mama aliyesema na yeye alikua anaficha kwenye chupa ya chai nilimsikia.

Wiki za mwanzo nilijitambulisha kwa Kiingereza kama wenzangu. Siku niliyosema kwa Kiswahili "mimi ni mlevi" sauti ilikata. Mtaani hilo ni tusi, nilishaitwa hivyo dirishani kwangu mwenyewe, na pale wote wakaitikia karibu dada.

Sasa watu wataniambia vile vikundi ni siri usivitangaze. Sio hivyo. Kinachofichwa ni jina la mtu na alichoongea mle ndani. Mlango haufichwi. Kuna vikao hata ndugu wanaruhusiwa, na wenye mlevi nyumbani wana cha kwao Al-Anon tangu 1951, dada yangu angekipata mapema asingekonda vile.

Ninachoomba ni kidogo. Mnachapa ratiba ya ligi, misiba, mpaka saa za ibada, tengeni na kaboksi mara moja kwa wiki: mji, mahali, siku, saa, na lugha. Mpige simu kwanza muhakikishe maana saa hubadilika. Na zahanati zibandike hiyohiyo ukutani.

Lugha nimeisema makusudi. Kuna mzee fundi seremala alikuja kwetu jumamosi mbili, nusu ya maongezi Kiingereza, akakaa kimya kashika kofia yake mpaka mwisho. Ya tatu hakuja. Mpaka leo nikisikia randa mahali nageuka kuangalia kama ni yeye.

Kwahiyo wanne wetu tumeanzisha kikao cha jumatano, Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Mahali na saa nimeandika kwenye karatasi ya pili, hiyo chapa.

Mama wa wawili,
Dar es Salaam