Wakopaji Elfu Moja na Programu Yangu

Mpendwa Zuhura,

Nakusalimu sana, nikitumaini kwamba hujambo na wote ulio nao hawajambo. Katika barua yako uliniuliza inakuwaje mtu kama wewe, ambaye hajawahi kuchelewesha rejesho hata moja na aliyemaliza mkopo mmoja mapema, apewe alama ndogo na mkopeshaji asiyemjua, tena aandikiwe sababu isiyomwingia akilini. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikaamua kuandika programu ndogo ya kukokotoa alama za mikopo, yaani namba zinazokadiria kama mkopaji atalipa, nikiishughulikia usiku baada ya kazi.

Nilitumia data inayojulikana sana kwa wanaojifunza fani hii: wakopaji 1,000 wa benki moja ya kusini mwa Ujerumani, miaka ya 1973 hadi 1975, ambao 700 kati yao walilipa ipasavyo na 300 hawakulipa. Ufundi wenyewe si mgumu kama nilivyodhani. Programu huwagawa watu kwa majibu yao kwa maswali ya mkopeshaji, huhesabu walioshindwa katika kila kundi, kisha huyapima majibu yote kwa pamoja ili jambo moja lisihesabiwe mara mbili. Mimi niliipanga hivi: kila alama 20 zinapoongezeka, idadi ya wanaolipa kwa kila mmoja anayeshindwa huongezeka maradufu.

Kilichonikosesha usingizi ni safu ya historia ya ulipaji. Kundi lililoandikwa kwamba halikuwahi kukopa au lililipa mikopo yote vizuri lilikuwa na watu 40, na 25 kati yao walishindwa. Kundi la akaunti zenye matatizo lilikuwa na watu 293, na walioshindwa ni 50 tu. Programu yangu, bila haya, ikawapa alama nyingi wenye matatizo! Nilitafuta kosa nililofanya nisilione, hata nikaanza kujitungia maelezo kwamba aliyewahi kubanwa na deni hujifunza adabu ya kulipa, na nakiri kwamba maelezo hayo yalinipendeza.

Baadaye niligundua kwamba mwaka 2019 mtakwimu Ulrike Grömping alirejea machapisho ya awali ya Kijerumani, akaonyesha kuwa maelezo ya makundi yalikuwa yamekosewa. Wale 40 ndio waliowahi kuchelewa kulipa, na wale 293 ndio waliokuwa wamelipa mikopo yao yote katika benki ile. Alionyesha pia kwamba walioshindwa waliongezwa makusudi katika sampuli, kwani kwa kweli walikuwa takriban asilimia 5 tu. Kwa hiyo uwezekano wa kushindwa ambao programu yangu iliutaja ulikuwa mkubwa kupita kiasi, ingawa mpangilio wa nani yuko juu ya nani haukuharibika sana.

Hesabu, basi, haikudanganyika, kwa sababu programu haisomi maelezo. Husoma namba ya kundi tu. Aliyedanganyika ni mimi niliyetaka kueleza sababu. Ndiyo maana sababu uliyoandikiwa na mkopeshaji wako siipokei moja kwa moja, wala simlaumu bado. Omba taarifa yako ya mikopo, uanze na ule mkopo uliomaliza kuulipa mapema: tazama kama umeandikwa kuwa umefungwa, au bado unahesabiwa kuwa deni. Ukiipata, niandikie walivyoandika, neno kwa neno.

Wako daima,
Salim